Naombeni ushauri: nimepanda mipapai 180, zaidi ya nusu inatoa maua ya kiume, nikate au nisubiri?

Mwana wa Mkuranga

Wakuu habari za saa hizi, poleni na majukumu. Niende moja kwa moja kwenye mada maana hili jambo linaninyima usingizi.

Nina kishamba huku Mkuranga. Mwaka jana mwezi wa 8 nilikuwa Muheza kwa shangazi akanikatia papai, jamani lile papai, jekundu ndani, limeviringana kama mpira, tamu mpaka nikamwambia shangazi mbegu hizi hazitupwi. Nikazikusanya kwenye gazeti nikaja nazo. Nikazisugua na majivu kutoa ule utando wa utelezi, nikaanika kivulini, nikasia kwenye viriba, wiki mbili na siku kadhaa zikawa zimechomoza. Katikati ya mwezi wa 10 nikahamishia shambani, mashimo 180, mita 2 na nusu kwa 2 na nusu, kila shimo samadi debe moja na mche mmoja. Nimebeba maji kwa ndoo mimi na kijana wangu mpaka vuli ilipokaa vizuri, kwaiyo mnaelewa uchungu nilionao.

Sasa tumeingia mwezi wa 2 imeanza kutoa maua, nikaenda kuhesabu, iliyochanua ni 121, kati ya hiyo 63 ina zile kamba ndefu zinaning'inia na vimaua vingi vyembamba, naambiwa hayo ndo madume hayazai. 52 bado haijatoa kitu. Mzee jirani kaniambia nipigilie msumari wa inchi 4 kwenye shina upande wa mashariki dume linageuka jike. Mwingine akasema mipapai yote mirefu myembamba ni madume nikate mapema isinimalizie mbolea, nikamsikiliza nikakata 7 kabla haijachanua. Juzi nimepita pale nilipoilaza, mmoja una vitumba vifupi vinene vimekaa karibu kabisa na shina, sio kamba. Nahisi nimekata jike kwa mkono wangu.

Naombeni mwenye uzoefu anisaidie. Nikate, nipige msumari au nisubiri?

Mama Kitalu

Pole sana mdogo wangu. Kwanza weka panga chini, usikate tena hata mmoja mpaka uone ua lenyewe. Mpapai hauwezi kuujua jinsia kwa urefu wala kwa majani wala kwa mzizi ulionyooka au uliojikunja, hayo yote watu wanasema, mimi nimeotesha miche miaka 14 sijaona hata moja lililosimama. Ni ua tu.

Halafu jua madume yana kawaida ya kuwahi kuchanua kuliko majike. Kwaiyo hiyo 63 yenye kamba kwa 58 isiyo na kamba isikutishe, katika hiyo 52 iliyobaki majike yatakuja.

Bwanashamba Mstaafu

Kijana, kabla sijakujibu nina maswali matatu. Lile papai la shangazi lilikuwa la mviringo kweli au refu kama chupa? Pale kwa shangazi kuna mpapai dume karibu? Na shamba lako limekaa tambarare au lina bonde?

Mwana wa Mkuranga

Shikamoo mzee. Mviringo kabisa. Nimempigia shangazi sasa hivi anasema nyuma ya jiko lipo dume moja la siku nyingi, hawajalikata kwa sababu watoto wanatumia majani yake kufungia nyama iwe laini. Shamba nusu ni kichanga kimeinuka, huku chini mistari mitatu inakaribia kabondeni, udongo mweusi unashika maji.

Bwanashamba Mstaafu

Marahaba. Basi jibu tumeshalipata, na sio kosa la samadi yako wala la mkono wako.

Mipapai ipo ya aina tatu. Kuna dume, kuna jike, na kuna ule wenye jinsia zote mbili kwenye ua moja. Tunda la mviringo mara nyingi linatoka kwenye jike. Jike halijitoshelezi, lazima lipate unga wa maua (chavua) kutoka kwa mwingine. Kama aliyemletea unga ni lile dume la nyuma ya jiko, basi mbegu zake zinagawanyika nusu madume nusu majike. Ndo hicho unachokiona, 63 kwa 58. Ungepanda mashimo 1,000 ungekuta karibu 500 madume.

Papai refu, lile lililokaa kama peasi au kama chupa, linatoka kwenye mti wa jinsia mbili. Huo ua lake linajichavusha lenyewe. Ukichukua mbegu za tunda lililojichavusha hivyo, kwenye kila miche mitatu kwa wastani miwili inakuwa ya jinsia mbili na mmoja jike. Dume hakuna. Ndio maana mbegu nyingi za biashara, kuanzia zile Solo zilizoendelezwa Hawaii mpaka Red Lady ya Taiwan, zimejengwa juu ya mti wa jinsia mbili.

Kuhusu msumari. Jinsia ya mpapai imo ndani ya mbegu toka siku unaisia, msumari hauingii huko. Unachofanya ni kutoboa shina, na shina la mpapai sio mti wa mbao, ndani ni bomba tupu na nyama laini yenye utomvu, maji na vimelea vikiingia kwenye lile tundu unaoza kuanzia hapo.

Kisiki cha Mpingo

Samahani mzee wangu naomba nitofautiane na wewe kidogo kwa heshima. Mimi nimeshuhudia kwa macho yangu kijijini kwetu Turiani, dume lilikatwa kichwa, likachipua matawi matatu na mwaka uliofuata likazaa. Sio hadithi nimekula hayo mapapai.

Bwanashamba Mstaafu

Kisiki sikatai ulichokiona. Nikuulize, hayo mapapai yalikuwa yamekaa shinani au yananing'inia kwenye kamba ndefu? Na yalikuwa madogo madogo?

Kisiki cha Mpingo

Yalikuwa yananing'inia kwenye kamba, kweli, na hayakuwa makubwa. Tulikuwa tunayaita mapapai ya hereni.

Bwanashamba Mstaafu

Ndo hilohilo. Baadhi ya madume hali ya hewa ikibadilika, hasa baridi ikiingia, yanatoa maua machache yenye kizazi, yani ile sehemu inayogeuka tunda, mwishoni mwa ile kamba na yanashika matunda. Yanatokea hata kwa dume ambalo hakuna aliyeligusa. Msimu ukipita linarudi kwenye hali yake. Watu walikata kichwa, matunda yakaja, wakaunganisha. Huwezi kuendesha shamba kwa kusubiri hereni.

Mama Kitalu

Mzee kamaliza. Ngoja nimfundishe huyu mdogo wangu kuangalia ua maana ndo kazi yake ya wiki hii.

Nenda asubuhi jua halijakaza, beba wembe. Chuma ua moja kwa kila mti usiouelewa, lipasue katikati kwa urefu. Ua la jike ni nene chini, kitako chake kimevimba kama kilimau kidogo, petali tano zimeachana mpaka chini, na ukilifungua ndani unakuta hicho kilimau na juu yake vinywele vimechanuka kama kitana. Unga wa njano hakuna hata chembe. La jinsia mbili ni refu kidogo, kitako chake kimenyooka kama kidole cha mtoto, na pembeni yake kumezungukwa na vikonyo vya unga wa njano, kimekaa na kikonyo kifupi karibu na shina. Dume utalijua hata bila wembe, kamba inafika mkono mzima, vimaua vyembamba kama mrija, vingi, vinanukia jioni.

Utomvu usikuguse jichoni, na kama una kidonda vaa glavu, ule utomvu unakula ngozi.

Na ukikuta mti wa jinsia mbili umedondosha maua yote kipindi hiki cha joto usiukate! Joto kali na ukame unaufanya utoe maua yasiyo na kizazi, mvua ikirudi unashika matunda kama kawaida. Watu wengi wanaikata wakidhani ni dume.

KibweziShambani

Salaam kutoka Kenya, sisi huku tunaita mpaipai. Mkulima mwenzangu usikate madume yote. Majike yako 58 yatapata wapi unga? Acha dume moja kwa kila majike 10 hivi, na uyaache yametawanyika shambani sio kona moja. Anayebeba unga zaidi ni nondo wale wakubwa wanaokuja jua likizama, mabawa yanapiga haraka mpaka unadhani ni ndege. Huku kwetu Bonde la Kerio imeonekana mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili yanatembelewa na hao nondo zaidi. Kwa hiyo kichaka chako cha mpakani usikifyeke, na kama ni lazima upulize dawa ya wadudu usipulize jioni.

Halafu niulize, katikati ya mistari umepanda nini?

Mwana wa Mkuranga

Aisee nashukuru sana, nasoma kila neno. Mkuu Kibwezi katikati nimeweka matikiti, nilitaka yanirudishie hela ya vibarua wakati nasubiri mapapai. Kuna ubaya?

KibweziShambani

Upo ndugu yangu, na ni mkubwa. Tikiti, tango, boga, hizo zote zinashambuliwa na virusi vilevile vya paipai, vile vinavyochora vipete kwenye ganda la tunda. Vidukari wanafyonza kwenye tikiti wanahamia kwenye mpaipai, wakigusa tu imetosha. Majani yanakuwa na mabaka ya njano na kijani, yanasinyaa yanakuwa membamba kama kamba za viatu, kwenye shina unaona michirizi kama imepakwa mafuta. Ukiona huo mti ung'oe siku hiyohiyo uchome, hakuna dawa ya kuuponya. Mimi nilichelewa wiki tatu kwa sababu ya huruma nikapoteza mistari sita.

Vuna matikiti uliyonayo umalize, msimu ujao weka maharage au kunde.

Na uwe unageuza majani uangalie chini. Kuna wadudu wadogo wanaitwa vidung'ata, weupe kama pamba, huku Pwani ya Kenya waliingia 2016 na walimaliza mipaipai ya watu Mombasa, Kwale, Kilifi. Ukiwaona wachache osha kwa maji ya sabuni ya kufulia kwa presha, kata majani yaliyojaa, na zuia sisimizi maana wao ndio wachungaji wao. Huku baadaye wakaletwa vinyigu vidogo sana vinavyotaga ndani ya kidung'ata, ukipiga sumu kali ovyo unaviua hivyo kwanza.

Dada wa Kiluvya

Mimi naomba niongeze kwenye lile bonde maana wote mmelipita na mimi ndo lililonitoa machozi. Mwana wa Mkuranga, mistari yako mitatu ya chini ipo hatarini kuliko hayo madume. Mpapai hauvumilii maji yaliyosimama, siku moja mbili tu mizizi imekosa hewa, majani ya chini yanakuwa njano yanadondoka, shina pale usawa wa udongo linalainika ukilibonyeza kidole kinaingia. Mimi masika ya mwaka juzi niliamka asubuhi nikakuta mipapai 34 imelala, ina matunda ya kujaza mkono, nilikaa chini pale kwenye tope nikalia.

Chimba mfereji sasa hivi kabla mwezi wa 3 haujaisha, futi moja na nusu kwenda chini, na uipandishie udongo kama tuta lakini usiurundike ukagusa shina. Jembe lisiende karibu na mti, mizizi ya kulishia ipo juujuu tu, magugu ya karibu na shina ng'oa kwa mkono uweke matandazo ya nyasi. Na matandazo nayo yaache nafasi ya kiganja kutoka kwenye shina.

Mwana wa Mkuranga

Dada Kiluvya pole sana kwa kweli. Kesho asubuhi natafuta vibarua wawili wa mfereji.

Sasa swali la mwisho, nikishayatoa madume nabaki na mapengo. Nijaze na nini? Na yatakayobaki niyape mbolea gani?

Bwanashamba Mstaafu

Tafuta papai refu, sio la mviringo, kutoka kwenye shamba ambalo umeingia mwenyewe ukaona hakuna dume karibu. Hapo ndo utakuwa na uhakika. Ukiokota papai refu sokoni hujui jirani yake alikuwa nani. Na kama mama yake ni chotara, yani zile za F1, jua watoto hawatafanana wote na mama kwa ukubwa na utamu. Kama hela ipo nunua mbegu kwenye duka la pembejeo lenye pakiti iliyofungwa.

Safari hii kila shimo weka miche mitatu, ipishane kama shubiri moja. Ikichanua unaacha mmoja bora wa jinsia mbili, mingine unakata kwa kisu usawa wa udongo, usiing'oe utavuruga mizizi ya anayebaki. Kwa hesabu ya mbili kwa moja, mashimo 27 utakuta ni kama shimo moja tu lenye majike matupu, na hata hilo sio hasara maana jike nalo linazaa likipata unga. Hii ya mche mmoja kwa shimo ndo iliyokuponza, inafaa kwa mbegu ambayo jinsia yake unaijua.

Mbolea, kila mti nusu debe ya samadi iliyoiva kila miezi mitatu, na NPK kidogokidogo kila mwezi ukizungusha mbali na shina. Urea usiizidishe, utapata majani mazuri na matunda machache. Ukiona tunda lina manundu na linatoa vidonda vya utomvu bila kuguswa, mara nyingi ni upungufu wa boroni, kuna busta za kupuliza zenye boroni.

Kisiki cha Mpingo

Mzee nimejifunza leo, asante. Mwana wa Mkuranga nina jamaa yangu Kibaha ana mapapai marefu matupu, shamba lake zima halina dume, nikuunganishe PM?

Mwana wa Mkuranga

Niunganishe kaka, leo leo.

Mwana wa Mkuranga (katikati ya mwezi wa 8)

Wakuu nimerudi, niliahidi mrejesho na deni ni deni.

Nilisubiri kama alivyosema Mama Kitalu. Hesabu ya mwisho kwenye ile 173 ilikuwa madume 88 na majike 85. Niliacha madume 9 nimeyatawanya, 79 nikayakata. Nilienda na wembe alfajiri siku nne mfululizo, siku ya kwanza nilikuwa naogopa hata kuamua, nililaza maua kwenye kipande cha boksi mmoja mmoja na namba ya mti. Ya nne nilikuwa natambua kwa mbali. Na ule mti niliokata kabla, nilirudi nikapasua vile vitumba vyake vilivyokauka, kilimau kilikuwemo. Liliniuma na bado linaniuma.

Mfereji ulichimbwa tarehe 9 mwezi wa 3. Masika ilivyopiga maji yakapita mferejini usiku kucha, ila kule mwisho kabisa mteremko haukutosha yakasimama, nimepoteza mipapai 11, majike 8 humo. Bila mfereji mistari yote mitatu ingeondoka. Dada wa Kiluvya Mungu akubariki.

Mapengo nimejaza na mbegu za yule ndugu wa Kibaha, mitatu mitatu, mwezi wa 4. Sasa mashimo 40 ya kwanza yamechanua na nimepasua maua yote, kamba ndefu sijaona hata moja.

Na hii wiki nimevuna. Majike 77 yamebeba, nachuma likianza mchirizi wa njano kwenye kitako, nafunga gazeti napanga kwenye kreti kikonyo kikiangalia chini. La kwanza nimempelekea shangazi Muheza.

Dada wa Kiluvya

Nimefurahi mpaka nimesimama. Hongera sana. Naomba basi unitunzie mbegu za hayo ya shangazi, nimeyatamani toka ulivyoyaelezea.

Mwana wa Mkuranga

Dada yangu papai nakuletea la kula, hata kreti zima. Ila mbegu zake zimechavushwa na yale madume niliyoyaacha, nusu zitakutolea kamba kama zilivyonitolea mimi. Ngoja ile ya Kibaha izae, nitakuchagulia moja refu lililotoka katikati ya mstari, na nitalifunga ua lake kwa mfuko wa karatasi kabla halijafunguka ili asiingie mgeni.